Uzi: Nyumba ya babu Kibokoni, warithi ng'ambo ya mpaka. Fungu lao liko au limekufa?

MtotoWaKibokoni

Assalaam aleikum wana baraza. Uzi huu ni mrefu, mwenye mahamri yake na ayasogeze karibu.

Babu yangu mzaa baba alifariki 1969 hapa Mombasa. Aliacha nyumba moja Mji wa Kale, Kibokoni, ya ghorofa moja, na vyumba vitatu vya chini vya kukodisha. Hati iko kwa jina lake mpaka leo ninapoandika. Wasia hakuna. Aliacha mke mmoja na watoto watatu wa tumbo moja: ami mkubwa, shangazi, na baba yangu kitinda mimba.

Ami alikwenda Unguja 1958 kufanya ukarani, akaoa huko, Mapinduzi ya Januari 1964 yakamkuta huko, hakurudi tena kukaa. Shangazi aliolewa Tanga. Baba akabaki na bibi nyumbani. Ukiangalia utaona mtu mmoja kazaa watoto watatu, na ilipofika 1967 kila mmoja yuko chini ya siasa yake: mmoja kwa Baraza la Mapinduzi, mmoja kwenye Azimio la Arusha, mmoja huku kwetu ambako wenzetu walikuwa wakituita manyang'au.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa. Bibi akafariki 1978. Shangazi alipata habari kwa simu ya maandishi, akaja mpaka Horohoro akarudishwa. Akazunguka na watu wa dau, akashukia upande wa Vanga, akafika Kibokoni siku ya arubaini. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka alivyosimama mlangoni, leso zimekauka chumvi mpaka zasimama zenyewe, na hakulia. Aliuliza tu kaburi liko wapi. Ami yeye hakuja kabisa, na 1980 akafariki Unguja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumzika.

Sasa. Baba alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Mwezi huu binti ami, ambaye nimemuona mara mbili maishani, kaniletea ujumbe wa sauti. Sauti ya upole kabisa: "Kaka, sitaki ugomvi. Nataka kujua tu fungu la baba yangu liliwekwa wapi."

Hilo neno "liliwekwa wapi" limeninyima usingizi, kwa sababu halikuwekwa popote. Sote tulikuwa tunakula kodi ya vyumba vya chini na wala hatukufikiria.

Ndugu zangu wana majibu mawili. La kwanza, miaka hamsini na kitu imepita, baba ndiye aliyelipa reti za manispaa na kubadilisha mabati. La pili ndilo wanalolishikilia hasa: "Kule walipochukua majumba ya watu, nani alirudishiwa? Wakiturithisha kwao, nasi tutawarithisha kwetu."

Naomba wenye ilimu wanisaidie. Matusi pelekeni kwingine.

Bahari_Shwari

Miaka hamsini na tano? Hiyo si mirathi bwana, hiyo ni historia. Funga mlango ulale.

UstadhWaMajengo

Wa aleikum salaam mwanangu. Pole kwa msiba wa mzee.

Nianze na hilo la mpaka, maana watu wengi hawajui kwamba fiqhi ililijua kabla ya pasipoti kuwepo. Vizuizi vya mirathi vinavyotajwa sana ni mrithi kumuua marehemu, kutofautiana dini, na utumwa. Kisha wanazuoni wanataja kingine, ikhtilafu ddaar, yaani kutofautiana milki: huyu yuko chini ya dola hii, yule chini ya dola yenye uadui nayo. Wamejadiliana sana, lakini mjadala wao ni juu ya wasiokuwa Waislamu. Waislamu wao kwa wao, hata wafalme wao wapigane mchana kutwa, wanarithiana. Kwa hivyo Nyerere na Kenyatta kutoelewana hakumpunguzii ami yako hata thumni.

La pili, hata kama ami angepotea msijue yu hai au amekufa, angeitwa mafkudi, na fungu lake lingewekwa kando mpaka ibainike au hakimu ahukumu kwamba amekufa. Haliliwi. Binti ami wako kauliza swali la kisheria haswa, pengine bila kujua.

La tatu, hapa mna munasakha: mrithi anakufa kabla mali haijagawanywa, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, naye mmoja wao akifa, hivyo hivyo. Niambie: ami aliacha nani? Mjane wake yu hai?

MtotoWaKibokoni

Ustadh, ami aliacha mke na huyo binti mmoja tu. Mjane alifariki 2009. Nimeuliza: naye aliacha huyo binti na kaka yake mmoja, mtu wa Wete, Pemba. Shangazi yu hai Tanga, macho ndiyo yamepungua.

UstadhWaMajengo

Chukua kalamu.

Babu 1969: gawanya nyumba mafungu 40. Mke thumni, yaani moja kwa nane, mafungu 5. Yaliyobaki 35 kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: ami 14, baba yako 14, shangazi 7.

Bibi 1978: mafungu yake 5 yanarudi kwa watoto wake hao hao, 2, 2 na 1. Sasa ami ana 16, baba yako 16, shangazi 8.

Ami 1980, ana mafungu 16: mkewe thumni, 2. Binti yake peke yake nusu, 8. Zinabaki 6, wanachukua ndugu zake kwa asaba, yaani warithi wa kinachobaki: baba yako 4, shangazi 2.

Mjane wa ami 2009, ana 2: binti nusu, 1. Nusu iliyobaki kaka yake, 1.

Jumla: warithi wa baba yako 20, shangazi 10, binti ami 9, na mtu wa Wete 1. Hesabu, ni 40.

Angalia basi, binti ami si kwamba anawanyang'anya. Nusu nzima ni yenu, na sehemu ya nusu hiyo mmeirithi *kutoka kwa* ami aliyekuwa Unguja. Ndugu zako wakisema mpaka umekata mirathi, basi umekata pande zote mbili, na nyinyi mrudishe yale 4 ya ami.

MuuzaKahawaMarikiti

😂😂 Mtu wa Wete! Kalala zake Pemba anachuma karafuu, hajui kwamba ana jiwe moja la ngazi Kibokoni.

Bahari_Shwari

Ustadh hesabu tumekubali. Lakini hesabu ya karatasi na hesabu ya korti ni mbili. Nani atamsajili mtu wa Wete?

KotiNyeusi

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi kazi yangu ni hii, lakini hapa natoa maelezo ya jumla. Ukishakusanya makaratasi kaone wakili wako.

Nyumba ni mali isiyohamishika. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 4, inasema mali isiyohamishika iliyoko Kenya huamuliwa kwa sheria ya Kenya, popote marehemu alipokuwa na makao. Pesa benki, vyombo, dhahabu, hizo hufuata sheria ya makao ya marehemu. Kwa hivyo hata kama ami alikufa Unguja, fungu lake la Kibokoni linajadiliwa hapa, si kule.

Sheria hiyo ilianza kutumika 1 Julai 1981, na wafu wenu wa mwanzo wote walitangulia. Si neno. Kifungu cha 2 kinasema aliyekufa kabla ya siku hiyo hufuata sheria na mila zilizokuwepo siku aliyokufa, ila usimamizi wa mali uende kwa utaratibu mpya kadiri inavyowezekana. Nanyi ni Waislamu, kwa hivyo mafungu ni yale ya Ustadh, kabla na baada.

Mahakama ya Kadhi ina uwezo wa kusikiza mirathi hii kwa Ibara ya 170 ya Katiba, ikiwa wote ni Waislamu na wote wanakubali kwenda mbele yake. "Wote" ni pamoja na shangazi na mtu wa Wete.

Nitie neno la kando. Mnajua kwa nini tuna Kadhi na kwa nini hati za zamani za pwani zinaheshimiwa? Ukanda huu ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza tangu mkataba wa 1895. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua: ukanda uingie Kenya, na Kenya ilinde mahakama za Kadhi na hati za ardhi za watu. Miezi mitatu baadaye Shamte na Sultani wote wawili hawapo madarakani. Aliyepewa ahadi kaondoka, ahadi ikabaki. Kwa hivyo nyumba yenu Kibokoni inasimama juu ya barua ya serikali iliyopinduliwa, na ndugu zako wanataka kuitumia kumnyima mtu kwa sababu ya serikali iliyopindua. Mimi hilo lanichekesha kidogo.

Miaka: wakili wa upande wa kaka zako atataja sheria ya ukomo wa madai, bila shaka. Lakini kwenu hakuna msimamizi aliyewahi kuteuliwa, hati ni ya babu, na kuomba usimamizi wa mali ya marehemu hakuna tarehe ya mwisho. Baba yako aliwahi kuandika popote kwamba nyumba ni yake peke yake?

MtotoWaKibokoni

Hapana. Hata risiti za reti alikuwa akizihifadhi kwenye bahasha iliyoandikwa "Nyumba ya Mzee".

KotiNyeusi

Basi bahasha hiyo usiipoteze.

ChumbageniTanga

Wakuu salaam kutoka upande wa pili. Nimeletewa uzi huu na mtu.

Hilo la "walichukua majumba yetu" linaniuma kwa sababu na sisi walituchukulia. 1971 ilipita sheria ya serikali kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yamepangishwa. Babu yangu alikuwa na jengo moja Tanga mjini, chini maduka, juu wapangaji. Likaenda kwa Msajili wa Majumba. Na jengo likiwa limezidi miaka kumi fidia ilikuwa haipo, lake lilikuwa la zamani. Alikuwa raia, alikuwa na kadi ya TANU, alipiga makofi Azimio liliposomwa.

Ninachosema ni kwamba mpangaji wa sera si shangazi yako. Alikuwa akipanga foleni ya sabuni kama sisi.

MuuzaKahawaMarikiti

Foleni ya sabuni kweli. Wajomba zangu walikuwa wakija na kuondoka na Kimbo wameifunga kiunoni.

BintiVuga

Mimi ni upande ambao kaka zake wanausemea bila kuuliza. Mamangu alitoka Unguja 1964 na watoto wanne, akafikia Mombasa kwa jamaa, Guraya. Nyumba ya babangu ilitaifishwa kwa amri ya mwaka huo huo. Babangu hakutoka.

Mamangu hana hati. Alichonacho ni risiti ya umeme ya Desemba 1963, imo kwenye mkebe wa biskuti pamoja na kucha za mwanawe wa kwanza na sindano za kushonea. Ndiyo karatasi pekee yenye jina la babangu na nambari ya nyumba kwa pamoja. Akitajiwa ile nyumba husema, "Mwezi ule nililipa." Basi, hasemi zaidi.

Leo ardhi yote Unguja ni ya umma, na kwa sheria ya 1992 mtu hupewa haki ya matumizi tu, naye awe Mzanzibari. Mimi nimezaliwa kisiwani, nina pasipoti ya Kenya. Nyumba ile nishaisamehe, kusema kweli. Lakini sitaki mtu aitumie hasara ya mamangu kama hoja ya kumla yatima wa watu. Mamangu hakuwatuma.

MtotoWaKibokoni

Dada BintiVuga, nimesoma mara tatu. Nimempelekea kaka mkubwa. Hajajibu, lakini alama za buluu zimeonekana.

BahariaWaBusan

Assalaam aleikum. Mimi mtoto wa Frere Town, niko melini mwaka wa kumi na sita. Nimesoma uzi nikakumbuka mambo mawili niliyoyafuatilia kwa sababu tunatia nanga Korea na Taiwan kila mara, na usiku melini ni mrefu.

Korea. Daktari mmoja wa Kaskazini alikimbilia Kusini wakati wa vita na binti yake mkubwa, akaacha mke na watoto wengine. Akaoa tena Kusini, akazaa, akatajirika, akafa 1987. Mwaka 2009 watoto wanne walioko Kaskazini wakafungua kesi Seoul kudai mirathi, mali ya won bilioni 10 hivi. Jamani, mtu yuko Pyongyang anamshitaki ndugu yake Seoul! Hawana simu, hawana posta. Ushahidi wa damu ulipatikanaje? Mmisionari wa Kimarekani alipenya nao: nywele, vipande vya kucha, na kanda ya video ya ndugu hao. Julai 2011 wakapatana nje ya hukumu, wakapewa sehemu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba ni watoto wake.

Serikali ya Kusini ikashtuka: wakishinda wote hawa, pesa zitakwenda wapi? Ikatunga sheria maalumu, ikaanza kazi Mei 2012. Haikusema mtu wa Kaskazini si mrithi. Ilisema ni mrithi, *lakini* mali yake ishikwe na msimamizi Kusini, na kuitoa au kuiuza ni kwa ruhusa ya Waziri wa Sheria. Yaani ni yako, iangalie kwa mbali.

Na hii hapa mwenye uzi isome ukiwa umekaa. Kuna binti aliyekimbia Kaskazini akafika Kusini, akadai fungu la baba yake katika mali ya babu yake. Baba alipotea wakati wa vita, babu akafia Kusini, nduguze baba wakagawana. Oktoba 2016 Mahakama ya Juu, majaji wote wamekaa, wakasema miaka 10 imepita tangu haki yake ivunjwe, hana dai. Mwanamke huyo hiyo miaka 10 yote alikuwa upande ambao hauwezi hata kutuma barua.

Taiwan nako: askari waliokimbia Uchina na kiongozi wao Chiang Kai-shek 1949 waliacha wake na watoto bara, yaani Uchina. Hawakuruhusiwa kurudi kuzuru mpaka Novemba 1987. Wengi wamezeeka, wengine hawakuoa tena. Sheria ya 1992 ikasema: mrithi wa bara atangaze nia yake mahakamani ndani ya miaka 3 tangu kifo, asipotangaza amesamehe. Na kila mmoja asichukue zaidi ya dola milioni 2 za Taiwan. Nyumba hapewi, anahesabiwa thamani yake kwa pesa, na kama warithi wa Taiwan wanaishi humo haihesabiwi kabisa. Mke wa bara ndiye aliyeondolewa kikomo cha milioni 2 baadaye, 2009.

Nikipata mtandao bandarini nitarudi.

MtotoWaKibokoni

Bahari yako yote ile na umekuja kunipiga kofi mimi. Huyo binti wa Korea ni binti ami wangu mtupu. Baba upande ule, babu upande huu, ami zake wamekula.

Nilivyoona mimi: hakuna serikali hata moja hapo iliyosema "wewe si mtoto wa fulani". Zote zimekubali damu. Zinachofanya ni kuweka saa, au kuweka kikomo, au kuweka mtu wa kushika. Nasi huku bila sheria yoyote tumefanya yote matatu, baba akiwa ndiye wa kushika. Na hatukumwambia mwenyewe.

KisauniBerlin

Nilisoma Ujerumani miaka sita, niongeze la huko, maana ni kinyume.

Ujerumani Mashariki kodi za nyumba zilifungwa pale pale chini, miaka nenda rudi. Nyumba ya kupangisha ilikuwa mzigo: kodi haitoshi kuziba paa. Mtu wa Magharibi akirithi jengo Leipzig au Dresden alikuwa anaandika barua ya kukataa mirathi, na kwa sheria ya kule ukikataa unahesabika hukuwahi kurithi. Watu walikataa kama anayekataa kupe. Kisha ukuta ukaanguka 1989, nchi zikaungana 3 Oktoba 1990, yale majengo yakawa dhahabu. Wakarudi mbio mahakamani: tulikosea, tunafuta kukataa kwetu. Wengi waliambiwa kukosea kukisia siasa za kesho si kosa la kufutia sahihi.

Na kanuni yao ni kama ile ya KotiNyeusi: aliyekufa kabla ya 3 Oktoba 1990 huko Mashariki, mirathi yake inafuata sheria ya zamani ya huko, ingawa dola yenyewe haipo. Majaji wa leo bado wanafungua kitabu cha nchi iliyokufa. Na kuna watu waliofaidika: mtoto wa nje ya ndoa Mashariki alikuwa na haki sawa na wenziwe, Magharibi ilichelewa.

Funzo kwa kaka zako: wasimkimbize mtu wa Wete atie sahihi ya kusamehe leo kwa sababu fungu moja ni dogo. Mji wa Kale bei zake hazikai.

KotiNyeusi

Nimerudi kwa lile la "wakiturithisha kwao nasi tutawarithisha kwetu". Kaka zako hawakulibuni. Jimbo la Oregon, Marekani, liliandika sheria namna hiyo hiyo. Mgeni anayeishi nje asirithi mali Oregon mpaka ionekane kwamba nchi yake inawarithisha Wamarekani, kwamba pesa zinaweza kutoka huko kuja Marekani, na kwamba atakachopewa hakitanyakuliwa na serikali yake. Mtu akafa Oregon 1962, warithi wake wako Ujerumani Mashariki. Jimbo likasema mali ni yetu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na 1968 sheria ikapigwa chini. Sababu yao: majaji wa jimbo walikuwa wamegeuka kuwa wapima serikali za watu, hii nzuri hii mbaya, na kazi ya mambo ya nje si yao.

Nami namuuliza kaka mkubwa kwa heshima: yeye ni waziri wa mambo ya nje wa nyumba hiyo tangu lini?

MuuzaKahawaMarikiti

Kikombe cha KotiNyeusi leo ni juu yangu.

Bahari_Shwari

Haya nimelegea kidogo. Lakini mabati? Reti? Baba yake alitumia pesa zake. Hizo nazo zimekufa?

UstadhWaMajengo

Swali zuri, la kwanza kutoka kwako. Hazikufa. Mshirika akitengeneza mali ya shirika kwa haja ya kweli, zinaletwa risiti, zinahesabiwa. Lakini daftari lina kurasa mbili. Vyumba vitatu vya chini vimekodishwa tangu 1969. Kodi hiyo ilikuwa ya mafungu 40, si 20. Mkitaka mabati yahesabiwe, na kodi ihesabiwe. Wengi wakifika hapo husema tusameheane.

KotiNyeusi

Mambo ya makaratasi, kwa haraka. Vyeti vya vifo vyote vitano. Binti ami aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huko Zanzibar, ndio wanaoshughulika na mirathi ya Waislamu; apate hati ya warithi wa babake na wa mamake. Kifungu cha 77 cha sheria yetu kinaruhusu usimamizi uliotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola kupigwa muhuri hapa na kutumika, na Tanzania ni ya Jumuiya ya Madola. Mrithi akiwa Muscat, kwa mfano, njia hiyo si nyepesi hivyo.

Jambo moja mlijue mapema. Ibara ya 65: asiye raia hashiki ardhi Kenya kwa milki ya moja kwa moja, ni kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Haimnyimi mirathi, inabadilisha anachokishika. Ndiyo maana familia nyingi hupima nyumba na kumlipa aliye nje kwa pesa. Kumbe na sisi tuna kitu kidogo cha Taiwan ndani yetu.

MtotoWaKibokoni

Nimepotea wiki tatu, samahanini. Habari ndiyo hii.

Kaka mkubwa alikaa kimya siku nane. Siku ya tisa kaja na ile bahasha ya "Nyumba ya Mzee", kaimwaga kitandani. Ndani ya risiti za reti tukakuta vipande vya karatasi ya daftari, mwandiko wa baba, kila mwaka kipande kimoja kuanzia 1970: kodi iliyopatikana, iliyotumika, na mstari wa mwisho "ya kaka" na "ya dada". Mistari hiyo inakwenda mpaka 1977 inakatika. Nadhani mpaka ulipofungwa hakuona maana ya kuandika. Au alizitumia, sijui. Kaka amesoma 1974 na 1975 kwa sauti kisha akatoka nje kuvuta sigara, na aliacha sigara zamani.

Binti ami amekuja, kwa basi, kupitia Tanga, akamchukua shangazi. Sasa hivi Horohoro na Lunga Lunga ni jengo moja, unagongewa muhuri ukinywa soda. Shangazi alipofika mlangoni alishika ukuta wa kulia kwa kiganja, akahesabu ngazi kwa mdomo, akapanda peke yake.

Tumekwenda kwa Kadhi, sote tumekubali kusikizwa hapo, tumepewa tarehe. Mpima nyumba anakuja Jumatatu. Kodi za nyuma shangazi kasema zisihesabiwe, binti ami kasema afuatavyo shangazi, na kaka kasema basi na mabati yasihesabiwe.

Tatizo limebaki moja. Mtu wa Wete alifariki 2015. Ana watoto saba. Ustadh, fungu moja katika arubaini sasa linagawanywa kwa saba.

UstadhWaMajengo

Mke aliacha? Wanaume wangapi?

MtotoWaKibokoni

Hakuacha mke. Wanaume watatu, wanawake wanne. Nimewapigia simu. Mkubwa wao alisikiza mpaka mwisho, akacheka sana, akauliza nyumba iko karibu na bahari? Nikamwambia ndiyo, dakika tano. Akasema basi lao wasihesabiwe pesa, wanataka libaki, na Disemba wanakuja wote saba kuliangalia.

Nimemwambia kaka. Kasema waje, lakini magodoro wabebe.